Kabla Abigaïl Hajavuka Kasindi

Maneno haya nilielezwa na Abigaïl mwenyewe, mwaka ule watu walianza tena kwenda mashambani bila kuangalia nyuma. Alikuja kunisalimia hapa Butembo, akanikuta nikitoa maharagi ndani ya maganda, akavuta kiti kidogo, akaanza kunisaidia. Miye ni dada ya nyanya yake, donc kwake miye ni mukaka. Mambo ya mapenzi watoto hawayaelezi wazazi wao, wanayaeleza mukaka. Tulipomaliza kujaza kitunga cha maharagi, na yeye alikuwa amemaliza maneno yake. Ninayaeleza kama nilivyoyapokea.

Ilikuwa katikati ya vita. Miaka ile inchi ilikuwa imekatwa vipande: Kinshasa ilikuwa upande wake, siye upande wetu, na aliyekwenda kule mbele ya vita hakupata tena njia ya kurudi. Lakini watu hawakuacha kulima, wala kuzaa, wala kuchumbiana. Abigaïl alikuwa infirmière, anapanda na kushuka vilima na kisanduku cha chanjo begani. Alikuwa na licence yake, na siye wote tulifikiri masomo yamekwisha. Kumbe alikuwa na ulizo ndani ya moyo. Kila mwaka aliona surua inarudia vijiji vilevile, kama mugeni anayejua njia, na hapakuwa mutu wa kumwambia ni kwa sababu gani. Basi aliomba kwenda kusoma master ya afya, ile wanayoita santé publique, kwenye chuo kikuu cha serikali kule Kampala. Miaka miwili. Kanisa letu likakubali kumusaidia. Alijifunza Kiingereza jioni kwa jioni mpaka akaanza kuota kwa Kiingereza, anaamuka asubui hajaelewa ndoto yake. Nafasi ilikuwa ya mwaka ule tu. Asiyefika mbele ya masomo kuanza, nafasi inapewa mwingine.

Na Abigaïl alikuwa na muchumba. Aliitwa Onésime Kakule, kijana wa Beni, mutoto wa Wakatolika, murefu, musikivu, mwenye macho ya kukaa mahali yanapoangalia. Kazi yake ilikuwa ya phonie. Ninyi muliozaliwa juzi hamujui phonie: ilikuwa chombo cha kusemea kwa mbali, chenye waya murefu juu ya muti. Mutu anasema, anamaliza na "à vous", kisha yule wa mbali anajibu, na kila mutu aliye ndani ya chumba anasikia yote. Hapo ndipo hawa wawili walipendana, yeye Beni, Abigaïl Butembo, wakijificha nyuma ya habari za dawa na chanjo, na watu wa miji miwili wakisikiliza.

Kisha Pasaka, wazee wa Onésime walileta mbuzi za kwanza za mahari kwa baba ya Abigaïl. Zingine zilibaki kuja. Halafu ndiyo habari ya Kampala ikaingia. Onésime alikubali. Alimweleza mama yake. Mama alikwenda tu kufagia kiwanja ambacho alikuwa amekifagia asubui. Kwa hiyo Abigaïl aliamua kupita kwao mbele ya kuvuka mupaka, aulize mwenyewe, uso kwa uso. Hakutaka kwenda kama mutu anayekimbia. Alitaka kwenda akiwa bado binti wa nyumba ile.

Basi siku ile alipanda camion ya poireaux, akafika Beni jua likiwa kali, nguo zake zote zinanuka mboga ile. Butembo tunavaa pullover. Kule Beni jasho lilimukamata kabla hajafuta vumbi ya uso. Hakwenda kwanza nyumbani kwao Onésime. Alikwenda kwenye chumba cha phonie, sababu moyo ulikuwa umeshatangulia huko.

Ndani palikuwa muzee mumoja, Esdras, anayengojea kusema na mutoto wake wa Goma. Onésime alikuwa ameketi mbele ya chombo. Aliinua macho, akamwona, akayashusha chini upesi, kama mutu aliyegusa chungu cha moto.

"Mademoiselle," akasema, "unapenda kuita wapi?"

Abigaïl alifikiri ni muchezo. Akaegemea mulango. "Niitie Beni."

"Beni ni hapa."

"Ah bon? Basi niitie mutu moya wa hapa, banamwita Onésime. Ilikuwa anajuaka kusalimia batu."

Muzee Esdras akacheka mpaka kofia ikamutoka. "Jibu, mutoto! Mwanamuke iko nakuita. À vous!"

Onésime hakucheka. "Onésime haiko ku fréquence."

"Alienda wapi?"

"Alienda kuangalia mbuzi zake. Zilirudia."

Muzee Esdras akaacha kucheka palepale. Akaokota kofia yake, akaanza kuipangusa ingawa haikuwa na vumbi. Kwetu siye, mbuzi za mahari haziendi kutembea. Zikisha kufika kwa baba ya binti, zinakaa. Siku unaziona zimefungwa tena kwenye mulango wa yule aliyezitoa, hauulizi kitu: uchumba umekufa, na jamaa ya binti ndiyo waliouua.

"Mbuzi gani?" Abigaïl akauliza, na sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

"Weye njo utaniambia mbuzi gani."

"Twende inje."

"Niko ku kazi."

"Enda, mutoto," Muzee Esdras akasema, "enda! Goma itangoja. Goma ilishazoea."

Wakatoka, wakasimama nyuma ya nyumba, pale waya ulipofungwa. Onésime alikuwa anaangalia ukuta.

"Nani alizileta?" Abigaïl akauliza.

"Baba mudogo wako, Jéthro. Juzi, jioni. Miye nilikuwa hapa ku kazi. Nafika ku nyumba, nakuta mbuzi ku mulango, majirani bako nasimama ku ua ya lupango banajifanya banaangalia mawingu."

"Jéthro?"

"Jéthro."

Abigaïl akaweka mukono kinywani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Onésime alifikiri analia, akageuka upesi, na akaona ni kicheko. Binti alicheka mpaka machozi yakashuka, akakamata waya ili asianguke.

"Unanicheka?" Onésime akasema.

"Yesu wangu. Sikiliza. Benye bunduki banapita kule kwetu ku kilima, banabeba nyama za batu, mbuzi na kuku. Baba alisema: mbuzi za dote zisikalie hapa. Akamutuma Jéthro azipeleke ku rafiki yake mu mutaa wa Ruwenzori, hapa Beni, sababu batu bako bengi. Zifichwe, mpaka kutulie. Donc rafiki yule hakukuwako. Donc Jéthro alisimama mu barabara na mbuzi mukononi, na jua linashuka, akajiuliza: nani mwingine najua mu Beni?"

"Mutu muzima anafungaka mbuzi za dote ku mulango wa mwenye alizitoa?"

"Mutu muzima, hapana. Jéthro, ndiyo. Weye haumujue. Mutume chumvi, atakuletea habari ya kifo."

Onésime akamwangalia sasa. Alikuwa hajamwangalia tangu afike, na macho yale yalipomukalia Abigaïl, yalikaa. Akaona vumbi kwenye nyusi zake, na kitambaa kilichoteleza, na pale kwenye shingo mahali jasho lilichora njia. Abigaïl naye akaona kwamba hakunyoa, na kwamba shati alivaa la jana.

"Tangu juzi fufu inakwama hapa," Onésime akasema, akionyesha koo. "Leo asubui nilikuita ku phonie ya Butembo. Banasema alisafiri. Nikasema basi, iko kweli. Hata kuniambia hakuniambia."

"Ulidanganywa na mbuzi."

"Nilidanganywa na mbuzi." Akatabasamu kidogo. Kisha tabasamu ikaondoka. "Mais Abi, mama alishapokea ile jibu. Nilimwambia, mama, banazirudisha. Alisema, heri. Alisema, sasa ni muzuri kuliko kisha. Hata hakulia. Alipika."

Mama ya Onésime, Beni yote walimwita Mama Stanislas, kwa jina la mutoto wake wa kwanza. Alikuwa mwanamuke mufupi, mwenye kutembea kwa haraka, mwenye kusema pole pole. Walimukuta kwenye kiwanja, anatoa majani ya sombe, yale ya muhogo, kwenye vijiti vyake. Mbuzi zilikuwa zimefungwa pale pale, zinakula maganda ya ndizi bila wasiwasi hata kidogo.

"Karibu, mwali," akasema. Hakusema "mutoto wangu", kama wakati wa Pasaka. Akamupa kiti. "Butembo inaamuka?"

"Inaamuka, mama. Baba anakusalimia. Mama, nimekuya na haya. Zile mbuzi ni kosa. Baba mudogo Jéthro..."

"Najua."

Onésime alikuwa bado amesimama. "Unajua nini, mama?"

"Najua ni kosa. Ule Jéthro alikunywa maji hapa, vikombe na vikombe. Alisema, mama, muzipatie maganda ya ndizi, nitazipitia kisha kutoka Kyavinyonge, kule ku ziwa, naenda kutafuta samaki. Mutu mwenye amekuya kuua uchumba hawezi kuagiza maganda ya ndizi." Akaendelea kutoa majani. "Mutu wa kuua uchumba anaketi, anaita bazee, anakohoa. Ule hakukohoa."

Mbuzi tu ndizo zilitafuna.

"Mama," Onésime akasema kwa sauti ya chini sana. "Tangu juzi uko unaniona. Sikule, silale. Na weye unajua?"

"Nilijua."

"Na unaniacha?"

"Nilikuacha. Nilitaka uzoee."

"Nizoee nini?"

"Uzoee mapema, mutoto wangu. Miye nilizoea kwa kuchelewa, na haikunifaa." Akaweka majani chini, akamwangalia Abigaïl wala si mutoto wake. "Mwali, miye sina kitu na weye. Batu bakiniuliza bibi wa mutoto wangu awe namna gani, nitawaonyesha weye. Mais niko Mama Stanislas. Kila mutu anayenisalimia mu barabara, anataja jina lake. Alienda Kinshasa kusoma, mbele ya vita. Vile, kama weye. Na haraka ileile. Kisha njia ikafungika. Nilizaa mutoto wa phonie, anaita Goma, anaita Bunia, anaita mpaka Kampala. Kinshasa haiitike. Nilishangoja moya. Kumungoja wa pili sina tena nguvu. Na sitaki Onésime angoje. Kungoja kunakula mutu kuanzia ndani."

Onésime alizunguka nyumba, akaenda nyuma. Binti akaomba ruhusa kwa macho, na mama akamupa kwa kichwa.

Alimukuta ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono katikati ya magoti. Akasimama mbele yake, mbali kidogo, sababu majirani walikuwa bado wanaangalia mawingu.

"Usimukasirikie," Abigaïl akasema.

"Sijakasirika. Nachoka."

"Onésime, kama unataka, mbuzi zibakie hapa. Kosa ya Jéthro iwe kweli. Hakuna mutu atakuhukumu, na miye sitakuhukumu."

Akainua kichwa. "Weye unataka zibakie?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini unanipa kitu hautaki kunipa?"

Abigaïl akacheka kidogo, na kicheko kikavunjika katikati. Upepo ulileta harufu ya mawese yanayochemuka kwa jirani. Onésime akauliza lile ulizo walilokuwa wameliogopa wote wawili tangu Pasaka:

"Na weye, unaweza kubakia?"

Alifikiri juu ya watoto wale wanaoletwa centre de santé kwa kuchelewa, macho mekundu, mama zao wamewafunika na kitenge. Alifikiri juu ya nyumba pamoja na mutu huyu, taa mezani, sauti yake karibu, isiyopita kwa waya.

"Nikibakia, tutaoana, na nitakuwa na furaha," akasema. "Mais surua itarudia. Kila mara itarudia, nitakuangalia weye kama mutu mwenye alinizuia. Sipendi kukuangalia vile, Onésime. Napenda kukuangalia vile nakuangalia sasa."

Abigaïl aliniambia: "Mukaka, nilisikia moyo wangu unapiga mpaka nikafikiri mbuzi zinausikia."

"Basi enda," Onésime akasema. "Mais usiniombe ningoje. Kungoja nimekuona mu hii nyumba. Miye, kungoja hapana. Miye nitakuya. Kila mara barabara itafunguka, nitavuka mupaka ku Kasindi. Utatoka mu masomo na barafiki yako ya Kiingereza, utanikuta ku mulango na vumbi mpaka ku masikio. Batakuuliza, huyu mukulima ni nani?"

"Nitabajibu nini?"

"Ujibu ni mutu wa phonie. Amekuya kutengeneza ligne."

Wakaangaliana. Hakumugusa, na hakuna aliyeweza kusema alimugusa, lakini Abigaïl aliniambia kwamba aliondoka pale kama mutu aliyekumbatiwa.

Lakini mambo ya mama yalikuwa bado. Bila neno lake, Onésime angekuwa kila mara anavuka mupaka kama mwizi, na yeye angeolewa siku moja katika nyumba yenye uchungu. Jua lilikuwa linashuka. Abigaïl aliingia jikoni, akakuta Mama Stanislas ameanza kutwanga sombe. Akakamata muchi wa pili bila kuomba. Wakatwanga, huyu anapandisha, huyu anashusha.

Ilikuwa hatari kubwa kuuliza aliyotaka kuuliza. Katika miaka yote ya vita, watu walitaja jina la Stanislas kila siku kwa kumusalimia mama yake, na hakuna hata mumoja aliyethubutu kuuliza habari yake.

"Mama," akasema, "Stanislas alikwenda namna gani?"

Muchi wa mama ukasimama juu. "Namna gani, namna gani? Alikwenda na ndege."

"Ulimusindikiza?"

"Kama nilimusindikiza! Nilimubebea matelas, godoro ya kulalia. Ku kichwa, kutoka hapa mpaka ku uwanja wa ndege." Uso wake ukaanza kufunguka, pole pole. "Alikuwa anasikia haya. Alivaa kravati. Mutu wa kravati, na mama nyuma yake na matelas. Anageuka, anasema, mama, shusha, batu banaangalia. Nasema, baangalie! Baangalie mama mwenye kubeba! Anasema, mama, Kinshasa kuko matelas. Nasema, za kulalia batu wengine."

Akacheka, na Abigaïl akacheka naye.

"Alikuwa mupole?"

"Mupole? Alikuwa kichwa nguvu! Ukimukataza hapa, anatokea pale."

"Na kama ungemukatalia Kinshasa?"

"Angeenda."

Neno hilo lilitoka upesi, mbele ya mama kulifikiri. Akabaki na muchi mukononi. Mwanga wa moto ulikuwa unacheza ukutani, na nje mbuzi moja ililia. Halafu akasema tena, sasa kwa sauti ya chini, kama mutu anayesoma kitu alichokiandika mwenyewe zamani:

"Angeenda tu. Bila matelas."

Mama Stanislas akaanza tena kutwanga, peke yake, pole, kisha kwa nguvu, mpaka majani yakawa laini kabisa na bado anatwanga.

"Kule Kampala," akasema mwisho, "unalala ku nini?"

"Batanipa nafasi mu nyumba ya banafunzi, mama."

"Sikuulize nyumba. Nakuuliza matelas."

"Sina, mama."

"Hm." Akaweka muchi chini, akapangusa mikono. Akatoa kichwa inje. "Onésime! Kuya hapa! Acha kukasirika kidogo, utaendelea kisha."

Onésime akaja, anatazama huyu, anatazama huyu.

"Kesho asubui, mbele ya gari ya Kasindi, tunapita sokoni. Huyu anahitaji matelas. Ya sponji, hapana ya majani, ile ya majani inaleta kunguni."

"Mama..." Onésime akaanza.

"Nitaibeba miye. Usianze maneno ya haya, nilishayasikia kwa kaka yako. Na kisha gari kuondoka, weye unakamata mbuzi hizi, unazirudisha kwa baba yake Butembo. Jua ikiwa juu, hapana asubui ya giza. Upite katikati ya kila mutu, baone zinaelekea wapi. Kama benye bunduki bako kule, baba yake na miye tutatafuta mahali pengine, mais itasemwa kwanza. Itasemwa na mutu mwenye kukohoa."

"Na leo?"

"Leo unalala kwa Maliro, jirani. Huyu analala hapa."

Abigaïl akashituka. Binti ambaye mbuzi zake hazijatimia halali usiku kwa watu wa muchumba wake. Hata chakula anakula kwa kuona haya. "Mama, batu batasema."

"Batu balishaona mbuzi zikirudia. Baone na mwali akibakia. Unalala ku kitanda yangu, upande wa ukuta, na miye upande wa mulango. Nani atapita juu yangu?" Akamwangalia mutoto wake. "Weye?"

"Hapana, mama," Onésime akasema, akaanza kukuna sikio.

"Kula kwanza. Unafanana na antenne."

Na kweli fufu haikukwama tena. Onésime alikula mpaka mama akamuuliza kama anataka na sahani.

Miaka ile tulilala mapema. Giza likiingia, mutu anafunga mulango, anazima taa, asiitwe na aliye inje. Onésime aliaga kwenye mulango. Aliweka mukono kwenye ukingo wa mulango, na Abigaïl aliweka wake karibu, si juu yake, na vidole vikaangaliana. "À vous," Onésime akasema pole pole. "Kesho," akajibu. Mama Stanislas akakohoa kutoka chumbani, Onésime akaondoka. Wakasikia Maliro anamufungulia na kumucheka, kisha, mbele hata mvua haijaanza, wakamusikia Onésime anakoroma ngambo ya lupango. Kijana wa watu alikuwa hajalala tangu juzi.

Mvua ikaanza. Wale wanawake wawili walikuwa wamelala chali ndani ya giza, bega kwa bega. Mama alimaliza rozari yake. Abigaïl, aliyekuwa Muprotestanti, alinyamaza kwa heshima na kusema yake moyoni.

"Mwali."

"Mama."

"Nieleze ile masomo. Sitaki batu baniulize ku misa, nijibu sijue. Ni udaktari?"

"Hapana, mama. Daktari anatunza mutu moya. Siye tutasoma kutunza kijiji chote."

"Na kijiji kinalala ku kitanda gani?"

Abigaïl akacheka mpaka kitanda kikalia. "Hakilale, mama. Njo magumu yake."

"Unaanzia wapi?"

"Tunaanzia kuhesabu. Benye balizaliwa, benye baligonjwa, benye balipona, benye balikufa. Ukijua hesabu, unaanza kujua ugonjwa unapitia wapi."

"Munahesabu bote?"

"Bote."

Mvua ilipiga bati, ikapungua, ikarudia. Abigaïl alifikiri usingizi umemuchukua mama.

"Hata wale benye hawako?" mama akauliza. "Benye balienda mbali, hakuna habari yao?"

Abigaïl akageuza kichwa kwenye muto. Hakumwona, ila alisikia kwamba hakuwa anapumua.

"Hata wale, mama. Bako na safu yao peke yao. Mutu mwenye haujasikia habari yake, haumuweke na bafu, na benye balikufa. Hapana. Ni kosa kubwa mu hii masomo, hata mwalimu anaweza kukufukuza. Unamwandika peke yake: habari yake haijafika. Na unabakisha nafasi mbele ya jina."

"Hamubaweke na bafu."

"Hapana, mama. Hata siku moya."

Mwanamuke akaachilia pumzi, ndefu, kama mutu aliyeshusha muzigo kutoka kichwani.

"Ni masomo ya muzuri," akasema.

Akageukia mulango, akavuta blanketi, kisha akakumbuka, akarudisha kipande cha kumufunika Abigaïl mpaka kwenye bega. Kitambo kidogo na pumzi zake zikawa za mutu anayelala. Abigaïl alitaka kubaki macho. Alitaka kusikiliza muda kidogo jinsi mama anavyopumua baada ya kumukubalia aende. Lakini siku ilikuwa ndefu na blanketi lilikuwa na joto la watu wawili, na alipoanza kufikiri juu ya kesho, alikuwa amelala.